"Usiandike nina sukari!": Mama, wakwe na bima ya meli ya Ulaya

NIKUULIZE kitu msomaji wangu, na unijibu bila aibu. Ukiambiwa kwamba neno moja tu, "Hapana", litakuokolea karibu laki tatu, utaandika nini? Basi mimi niliandika "Hapana". Nikasaini na jina langu nikaweka chini, mwalimu mzima, mtu wa kusahihisha madaftari ya watoto wa wenzangu!

Neno hilo lilimhusu mama yangu mzazi, mkulima wa kahawa na ndizi hapa Igurwa, mwenye umri wa miaka 69. Presha anayo tangu mwaka 2012 na sukari tangu 2017. Kisa chenyewe ni cha mwaka 2025. Nakisimulia leo kwa sababu wazee wetu wanaoalikwa na watoto wao walioko ng'ambo si wachache siku hizi, na kosa nililolifanya mimi sipendi ulirudie wewe.

WAKWE WALETA MWALIKO

Mdogo wangu wa kike ni muuguzi mjini Hamburg, Ujerumani, na ameolewa hukohuko. Wakwe zake walikuwa wanatimiza miaka 40 ya ndoa. Wenzetu bwana, badala ya kuchinja ng'ombe na kupika ndizi, wakaamua kusherehekea kwa kupanda meli ya kitalii katika Bahari ya Mediterania. Safari ya wiki moja: kuondoka Genoa, Italia, kupita Marseille, Barcelona, Tunis, Palermo na Naples, kisha kurudi Genoa. Wakasema sherehe haitakamilika bila mama aliyewazalia mke wa mtoto wao. Tiketi wanalipa wao.

Mama alipopigiwa simu alikaa kimya kama dakika nzima. Si unajua tena, kwa mtu wa Kagera wa umri wake neno "meli" ni kidonda. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba, iliyokuwa imetoka Bukoba na kupitia Kemondo, ilizama ikiwa imeshakaribia Mwanza. Watu zaidi ya 800 walipoteza maisha. Mama alikuwa na rafiki yake wa sokoni humo ndani. Tangu siku ile aliapa kwamba akienda Mwanza ni kwa basi, hata ikibidi kuzungukia Kahama na Shinyanga asivushwe na kivuko.

Aliyemlegeza ni mjukuu wake wa miaka mitano. Alimwambia kwenye simu, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, kwamba, "Bibi usiogope, mimi nitashika mkono yako." Mama akacheka mpaka akatoa machozi. Akanigeukia: "Haya, nitafutieni koti."

EURO ELFU THELATHINI

Kumbe koti ndilo lilikuwa jambo jepesi. Kuingia Ujerumani, Italia na nchi nyingine za Schengen, ambazo sasa ni 29, Mtanzania anahitaji viza. Na kanuni ya viza hiyo inataka uwe na bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000. Kwa hesabu ya siku ile zilikuwa karibu Sh milioni 85. Bima hiyo lazima ifanye kazi katika nchi zote za Schengen, kwa siku zote utakazokaa, na igharimie matibabu ya dharura, kulazwa, na kurudishwa nyumbani ukiwa mgonjwa au, Mungu apishe mbali, ukiwa ndani ya sanduku.

Mama akaniuliza, "Si nina kadi ya NHIF?" Nikamwambia kadi ile ni ya hospitali zilizosajiliwa hapa nchini. Katikati ya Mediterania haina kazi zaidi ya kuonyesha picha yako.

Na usidhani hayo ni masharti ya Wazungu tu. Hata Zanzibar, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mgeni wa nje analazimika kukata bima ya dola 44 kutoka Shirika la Bima la Zanzibar kabla ya kuingia visiwani. Kila mwenye nyumba siku hizi anaogopa kuuguza mgeni kwa mfuko wake.

"WEKA HAPANA TU, MWALIMU"

Nikapanda basi hadi Dar kufuatilia makaratasi. Nilifika ofisi ya wakala mmoja wa bima, jina lake silitaji. Kijana mtanashati, tai shingoni, akanipa fomu. Swali la saba liliuliza hivi: je, msafiri ana ugonjwa wowote anaotibiwa sasa, au aliotibiwa miaka ya karibuni?

Nikamwambia mama yangu ana presha na sukari. Kijana akaweka kalamu chini, akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, kwanza mama kavuka miaka 65, bei imeshapanda. Ukiongeza na magonjwa itafika laki nne na ushee, na wanaweza wakakataa kabisa. Weka hapana tu. Ubalozini wanaangalia cheti, hawampimi mtu. Hapo utalipa laki na sabini."

Nikatoka nje nikampigia mama. Nilidhani ataniambia niseme kweli, maana ni mtu wa kanisani. Wapi! Akapaza sauti: "Usiandike nina sukari! Karatasi hizo si zitafika kwa wakwe? Watasema walioa kwenye ukoo wa wagonjwa. Usinivunjie mtoto ndoa!"

Basi nikarudi ndani, nikaandika "Hapana", nikalipa Sh 170,000, nikapewa cheti chenye mhuri. Nilitoka pale najiona mjanja wa mjini.

UMEUZA BUTURA YENYE MNYAUKO

Basi la Dar hadi Karagwe ni safari ndefu, utalala na kuamka barabarani. Nikiwa sina la kufanya nikaanza kuisoma ile hati ya bima, kurasa kumi na nane za herufi za sisimizi. Huko ukurasa wa kumi na moja nikakuta kwamba kampuni haitalipa dai lolote linalotokana na ugonjwa uliokuwepo kabla ya bima kukatwa kama haukutajwa na kukubaliwa kwa maandishi. Mbele kidogo, wakasema majibu ya uongo kwenye fomu yanaweza kuifuta bima nzima. Usingizi ukaniruka, msomaji wangu.

Nilipofika nyumbani nilimweleza baba mdogo. Mzee huyu hajawahi kukata bima ya kitu chochote, lakini ujana wake wote alinunua kahawa. Alitafuna kahawa yake taratibu, akasema, "Mwanangu, wewe umeuza butura shamba lenye mnyauko."

Kwa asiyejua, butura ni ile biashara ya mkulima mwenye shida kuuza kahawa yake ingali maua mtini, kwa bei ya kutupa. Imepigwa marufuku miaka mingi, lakini ugumu wa maisha unairudisha kwa mlango wa nyuma. Mnyauko ni ugonjwa unaokausha mti wa kahawa mzima. Dawa yake ni kung'oa na kuchoma moto. "Mnunuzi wa butura," akaendelea baba mdogo, "anatoa pesa leo kwa kitu ambacho hakijatokea. Lakini yeye angalau anaweza kuzunguka shambani akaangalia miti. Huyo wa bima atazungukaje mwilini mwa mama yako? Anategemea mdomo wako. Ukimficha, siku ya mavuno atasema hatukuwa na mapatano."

Kha! Nilikuja kugundua kwamba mzee alikuwa anasema jambo ambalo majaji wa Uingereza walishalisema zamani. Mwaka 1766 Jaji Mansfield, katika kesi ya bima ya ngome moja huko Sumatra, aliamua kwamba bima inasimama juu ya uaminifu: yule anayeombewa kinga ndiye anayejua hali yake, mwenye kutoa kinga hajui, kwa hiyo anayejua asifiche. Sheria za bima za nchi nyingi, na ya kwetu ikiwemo, zimekulia kwenye kanuni hiyo.

Nikapiga hesabu upya. Nilidhani nimeokoa laki tatu. Kumbe nilikuwa nimetupa laki na sabini, kwa sababu kitu pekee kilichokuwa na uwezekano wa kumpata mama melini ni kilekile nilichosema hana! Cheti kingemfikisha Ulaya, sawa. Lakini akianguka huko, euro elfu thelathini zingekuwa za kwenye karatasi, na shamba la Igurwa ndilo lingelipa.

MKWE NAYE KUMBE!

Sasa kazi ikawa kumshawishi mama. Siku mbili hakutaka kunisikia. Siku ya tatu nikampigia mdogo wangu Hamburg, nikaweka simu kwenye spika, nikamsimulia yote mama akiwa anamenya ndizi pembeni.

Mdogo wangu alicheka sana. "Mama, wewe unamficha nani? Baba mkwe mwenyewe ana sukari miaka kumi na tano! Anajidunga sindano ya insulini mezani kila tunapokula. Na yeye kaandika kwenye bima yake, analipa zaidi ya wenzake."

Mama aliacha kumenya. "Huyo mzee mwekundu mwenye ndevu?"

"Huyohuyo."

"Mbona kwenye picha anaonekana mzima?"

"Na wewe mama kwenye picha unaonekana mzima."

Mama alikaa kimya, kisha akachukua ndizi nyingine. "Haya mwalimu, nenda ukaandike. Na presha uandike. Na lile goti langu."

KUANZA UPYA

Ile bima ya uongo niliifuta kabla ya kuipeleka ubalozini. Walinirudishia pesa, wakakata kidogo za usumbufu. Sikulalamika, nilijua ni faini ya ujanja wangu.

Kampuni ya kwanza niliyoiendea na ukweli ilikataa: umri ule na magonjwa mawili, hapana. Ya pili ikauliza swali ambalo sikulitegemea: je, kwa miezi sita iliyopita dawa zimebadilishwa? Kumbe kwa watu wa bima, swali haliishii kwenye kuwa na ugonjwa. Wanataka kujua kama ugonjwa umetulia. Mgonjwa wa presha mwenye dawa ileile na kipimo kilekile kwa muda mrefu ana unafuu kuliko aliyebadilishiwa dawa majuzi. Mama alikuwa ameongezewa dozi ya presha miezi minne kabla. Wakasema tusubiri, au wamkatie bima isiyogusa presha. Nikakataa. Bima ya mama isiyogusa presha ni mwavuli wenye tundu katikati.

Ya tatu wakataka barua ya daktari. Tukaenda hospitali, daktari akapima, akaandika majina ya dawa zote, vipimo vya miezi ya karibuni, na sentensi moja ya thamani kubwa: kwamba mgonjwa anafaa kusafiri. Kampuni ikakubali kwa maandishi, presha na sukari zikatajwa kwa majina. Bei Sh 460,000, na katika kila dai tutajilipia wenyewe euro 100 za kwanza. Sharti jingine: dawa ikibadilishwa kabla ya safari, tuwaarifu.

Nikawatajia pia Tunis. Hapo ndipo nilipojipongeza, maana Tunisia haimo Schengen! Bima ya Schengen tupu ingekuwa likizoni siku ile meli iko Tunis. Tena viza ya kuingia mara moja ingeleta kizaazaa, kwani ukitoka kwenda Tunis umeshatoka Schengen, na kurudi Palermo ni kuingia mara ya pili. Tukaomba viza ya kuingia zaidi ya mara moja, na bima ikaandikwa kwamba inahusu safari ya meli na nchi zote ambako meli itatia nanga. Pesa ilitoka kwenye mbuzi wanne na akiba ya kahawa. Mama aliwaaga mbuzi wale kama ndugu.

SIKU BAHARI ILIPOCHAFUKA

Mama aliondoka mwezi Septemba. Siku tatu za kwanza melini nililetewa picha: mama na mjukuu kwenye ngazi za dhahabu, mama na sahani ya vitu asivyovijua, mama na yule mkwe mwenye ndevu.

Siku ya nne, meli ikiwa baharini kati ya Barcelona na Tunis, upepo ulivuma. Mama asubuhi alimeza vidonge vyake vya sukari kama kawaida, lakini meli ilivyokuwa inayumba tumbo likagoma, hakula kitu. Nadhani na MV Bukoba ilimrudia kichwani, ingawa mwenyewe hakusema. Kufika saa tano akaanza kutoka jasho, mikono inatetemeka, akawa anamjibu mhudumu wa chakula kwa Kinyambo. Mdogo wangu, muuguzi yule, alielewa mara moja: sukari imeshuka. Akampa juisi, wakamkimbiza kwenye zahanati ya meli.

Hapa nikutahadharishe. Daktari wa meli si wa bure. Kila anachokufanyia kinaandikwa kwenye akaunti ya chumba chako, kama soda na kinywaji. Mama aliwekewa dripu, akapimwa moyo, akaangaliwa saa sita. Bili: euro 640. Na huo ni ugonjwa mdogo uliokwisha siku ileile. Mgonjwa akizidiwa na helikopta ikaitwa kumtoa baharini, hesabu yake ni ya kuuza mashamba ya ukoo.

Mdogo wangu akapiga namba ya dharura iliyoandikwa kwenye hati. Swali la kwanza kuulizwa: "Mgonjwa alikuwa na ugonjwa wowote kabla ya safari?" Akajibu, "Sukari na presha, vyote vimo kwenye hati yenu." Kimya kidogo, kisha sauti ikasema, "Ni kweli, vimo. Tunzeni risiti na ripoti ya daktari."

Aliponisimulia hayo usiku ule nilikaa kitandani nikishika kichwa. Ningekuwa nimeacha lile "Hapana" langu, hapo ndipo mazungumzo yangeishia. Shemeji alilipa bili melini. Baada ya wiki tano kampuni ikarudisha euro 540.

MAMBO YA KUZINGATIA

Kwa kifupi, nikupe niliyojifunza kwa jasho:

1. Taja kila ugonjwa na kila dawa, hata unaouona mdogo. Kama unajiuliza utaje au usitaje, wewe taja.

2. Hakikisha ugonjwa umeandikwa kwenye hati yenyewe kwamba umekubaliwa. Neno la mdomo la wakala halilipi bili.

3. Kata bima mapema. Ukiugua kabla ya kuondoka, bima yenye kinga ya kuahirisha safari inaweza kurudisha pesa ya tiketi, lakini kwa ugonjwa uliotajwa.

4. Uliza kama safari ya meli imo, na soma orodha ya nchi zote mtakazogusa. Schengen peke yake si dunia nzima.

5. Usisafiri daktari akikukataza, na usifiche kwamba unakwenda kutibiwa. Hapo bima nyingi zinajitoa.

6. Dawa ziwe kwenye mkoba wa mkononi, kwenye pakiti zake, pamoja na cheti cha daktari, na zizidi siku za safari.

7. Nunua kwa kampuni au wakala aliyesajiliwa na TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Ukiona umedhulumiwa fidia, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Lakini hata yeye hawezi kukutetea kama fomu yako mwenyewe inakusuta.

MAMA NA EURO MIA

Mama amerudi salama, na sasa ukimtembelea utasikia habari za Naples mpaka ndizi ziungue. Lakini kuna jambo hajalisamehe: zile euro 100 tulizojilipia. "Mbuzi wangu hao wamekula bure!" anasema. Nimemweleza mara kumi, hataki kuelewa.

Jingine alilorudi nalo ni hili. Anasema baada ya siku ile ya dripu, mkwe mwenye ndevu alikuja kukaa naye mezani, akatoa kifaa chake cha kupima sukari, akajitoboa kidole, akamwonyesha namba. Kisha akamsogezea mama kifaa. Mama naye akatoboa. Kiswahili hawajui, Kijerumani mama hajui, wakawa wanaonyeshana namba kila asubuhi na kucheka, mwenye namba nzuri anamtania mwenzake.

Jumapili iliyopita nikamsikia mama nje ya kanisa akiwaambia kina mama wenzake, kwa sauti kubwa kabisa, "Mimi nina sukari na presha, na Ulaya nimefika." Wawili kati yao walibaki nyuma, wakamvuta pembeni kumuuliza dawa anakunywa zipi. Miaka yote nimekaa nao jirani, sikujua kama na wao wanaumwa.

Tukutane wiki ijayo.